Mshale wa Harold na mafaili ya Hanslope Park

Kila mtaala wa historia unapoguswa Uingereza, ugomvi ni uleule: mwanafunzi wa sekondari afundishwe matukio ya nchi yake kwa mfululizo, au afundishwe kuhoji ushahidi? Mwaka 2013, Michael Gove akiwa waziri wa elimu, upande wa kwanza ulipata nguvu, na walimu wa upande wa pili wakaonekana watu wanaodharau tarehe na wafalme. Hapo hawakutendewa haki.

Ni kweli, asiyejua kwamba Wanormani, kutoka kaskazini mwa Ufaransa, waliwashinda Waingereza vitani Hastings mwaka 1066 hana cha kuhoji. Tena mwanafunzi anaweza kuliacha somo akifika miaka 14, kwa hiyo muda ni mfupi.

Lakini liwekee darasa picha ya Tarizi ya Bayeux, kitambaa kirefu cha karne ya 11 kilichotariziwa habari za vita hivyo. Maandishi ya Kilatini ya juu yanasema Harold, mfalme wa Waingereza, ameuawa. Chini yake wapo wawili: mmoja ana mshale jichoni, mwingine anaanguka kwa upanga wa mpanda farasi. Harold ni yupi? Kujibu, lazima mwanafunzi ajue nani alishinda, tarizi ilimpendeza nani, na kwamba ilirekebishwa karne ya 19. Hizo si tarehe na wafalme? Tofauti ni kwamba sasa anazihitaji.

Mtihani wa historia wa GCSE, unaofanywa na wanafunzi wa miaka 16 hivi, unataka angalau asilimia 40 ya maudhui iwe historia ya Uingereza. Kiwango hicho kinanisumbua, kwa sababu hakisemi Uingereza inaishia wapi. Kambi za Kenya za miaka ya 1950, ambako wakoloni Waingereza waliwafungia Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, zimo? Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Kenya walioteswa kwenye kambi hizo ikiwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili yapatayo 1,500, yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru, yalikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo kisichofunguliwa kwa umma. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa madai ya Wakenya 5,228.

Mwalimu wa mwaka 2010 aliyefuata mfululizo pekee angefundisha yaliyokuwa wazi kwenye kumbukumbu, kwa moyo safi kabisa, na darasa lingeondoka na nusu ya habari. Wazee waliopigwa walikuwa wakisimulia siku zote. Wanahistoria walioona pengo, akiwemo David Anderson, walianza na swali ambalo mtoto wa miaka 13 anaweza kufundishwa kuliuliza: karatasi nyingine ziko wapi?