Jumamosi Wasipewe Wenye Harusi

Ukitaja jumba la sanaa hapa Mwanza, mtu ataanza kukutajia viti elfu moja, lifti na maegesho ya magari. Mimi nataka kitu kidogo. Ukumbi wa watu mia mbili hivi, mjini kati, mahali ambapo mtu wa Igoma au Buhongwa anafika kwa daladala moja. Katikati ya wiki uonyeshe filamu, Jumamosi jukwaa liwe la ngoma, maigizo na vichekesho. Ulaya na Marekani iko miji ya kale inayoendesha kumbi za namna hii, na wanaouza tiketi mlangoni ni wakazi wanaojitolea. Hapa kwetu, Zanzibar, tamasha la filamu la ZIFF limeweka filamu na muziki pamoja ndani ya Ngome Kongwe kwa miaka mingi.

Kuchanganya kuna sababu ya kihesabu. Filamu ukishalipia haki ya kuionyesha, haidai nauli wala chakula. Kundi la ngoma la watu ishirini linataka gari, maji, wali na posho. Filamu ilipe umeme, ngoma iupe ukumbi jina.

Wanasema watu wa Mwanza hawalipi kiingilio. Wapite basi kwenye banda umiza lolote la mtaani. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi dirishani, spika inayotetemesha bati, na msimuliaji anayetafsiri filamu ya Kichina huku akimtania kila jambazi. Mlangoni kuna mtoto anabembeleza, "Anko, nina mia mbili tu." Hadhira tunayo, na imejibana humo kwenye joto.

Upande wa jukwaa ndiyo usiseme. Pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, sherehe za ngoma za Wasukuma ziitwazo Bulabo hufanyika kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na kundi lake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Wachezaji wa bugobogobo wakirusha majembe juu, wakayadaka na mdundo usikatike, umati wote unahamia kwao, hadi wauza karanga. Msanii aliyekulia kwenye ushindani huo hahitaji kufundishwa jinsi ya kumshika mtazamaji.

Na igizo la kijamii si jambo la kuletewa. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na vijana wa Malya, huko Kwimba. Wanakijiji walitaja yanayowasumbua, mimba za wanafunzi zikiwa mojawapo, vijana wakayatungia ngoma na maigizo, kisha watazamaji wakakaa kuyajadili. Siku hizi ukiitaja Malya watu wanakumbuka chuo cha michezo tu. Inaniudhi, maana kazi ile inasomwa vyuoni nje ya nchi, na sisi tulio jirani hatuna hata pa kuirudia.

Kinachoua kumbi zetu nakijua, ni sherehe. Ukumbi ukishapata feni nzuri na viti vya kuvishwa vitambaa, Jumamosi zote zinakwenda kwa sendofu, kicheni pati na harusi. Siwalaumu wenye kumbi. Kamati ya harusi inalipa kwa siku moja kuliko kundi la maigizo kwa mwezi mzima (na pilau yao nimeila sana). Lakini msanii akihamishiwa Jumatatu mchana, watu wako kazini, na mwezi unaofuata haji tena.

Kwa hiyo ukumbi wa jamii uwe na katiba, na kifungu cha kwanza kiseme Jumamosi jioni haikodishwi, hata mwenye sherehe awe diwani. Anayetaka sendofu apewe Jumanne, na viti avirudishe mwenyewe.