Mjomba, Umenionaje?

Mpwa wangu anasoma sanaa za maonyesho pale Mlimani. Wiki nzima kanipigia simu: "Mjomba uje Jumamosi, nacheza." Nikajua netiboli. Kumbe mchezo wa jukwaani, vita vya Maji Maji! Na mimi shati nimeshapiga pasi.

Jamani, jukwaa si hizi tamthilia za kwenye king'amuzi. Nyumbani ukibanwa unaenda zako chooni, ukirudi yule mama bado analia palepale. Hapa nimeinama kuokota karanga moja tu, nainuka, watu watatu wameshakufa! Namuuliza jirani nani kawaua, ananitazama kama niliyewaua ni mimi.

Halafu wanachezea karibu mno. Mzee anachapwa viboko shambani kwenye pamba ya Mjerumani, jasho limemshuka mpaka kwenye kidevu, tone linaning'inia, halidondoki. Macho yangu yote kwenye lile tone. Maneno yake ya uchungu yamenipita hivihivi.

Akaingia Kinjikitile, mganga wa Ngarambe. Hiyo historia tumeisoma: 1905, maji, mafuta ya nyonyo, mtama, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Sawa. Ila mwalimu wetu hakuwahi kuja na ndoo darasani. Hawa wameleta ndoo ya lita 20, imejaa pomoni, maji maangavu unaona mpaka chini! Jamaa anachota kwa kata, anawamwagia wapiganaji mmoja mmoja, nusu yanaishia sakafuni.

Sasa mimi natoka Kimara. Kwetu bomba linakoroma tangu Jumanne, na dumu nalinunua kwa jamaa wa mkokoteni kwa bei aliyoamka nayo. Watu wanafuta machozi, mimi nahesabu kata. Ya kumi na moja ikanishinda: "Mzee, punguza! Yanatosha hayo!"

Ukumbi wote ukanigeukia. Kinjikitile wala hakutetereka. Akaja na kata yake mpaka kwenye kiti changu, akanimwagia usoni: "Na wewe risasi haikupati." Makofi! Sisemi uongo, maji yalikuwa ya baridi, nikajisugua na shingo kabisa.

Mwisho Wajerumani wakamnyonga, kama ilivyokuwa kweli. Nikahuzunika. Natoka nje namkuta marehemu anakula chipsi mayai, ananiambia, "Shikamoo mzee wa maji."

Mpwa naye akaja mbio, masizi usoni. "Mjomba, umenionaje?" Nikakwama. Sikumwona popote! Kumbe alikuwa na neno moja tu, "Wanakuja!", kisha anapigwa risasi. Hesabu nikaipata: ile karanga.

"Umetisha, mama," nikamwambia. "Hivi yale maji yaliyobaki mnayapeleka wapi?"

Kwenye daladala konda kanidai nauli ya watu wawili, eti ndoo imekaa kwenye siti.