Uongo wa vita: mdogo unabanwa, mkubwa unapita

Machi 2008 Hillary Clinton akiwa kwenye kampeni alisimulia kwamba mwaka 1996 alipotua Tuzla, Bosnia, walishukia kwenye risasi za wadunguzi ikabidi wakimbie vichwa vimeinama mpaka kwenye magari. Siku chache baadae televisheni ya CBS wakatoa video ya siku ile, mama anatembea taratibu anatabasamu, katoto ka kike kanampokea na kumsomea shairi. Akabanwa kila kona mpaka akakubali kwamba aliteleza. Sawa kabisa, alistahili, mtu asijipachike ushujaa wa vita ambao hakuuona.

Sasa rudi nyuma 5 Februari 2003. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, yupo Baraza la Usalama na kichupa cha unga mweupe mkononi, anaeleza maabara za silaha za kibaiolojia zinazozungushwa kwenye malori huko Iraq. Hazikuwepo. Lakini kesho yake tahariri ya Washington Post ilisema ushahidi haupingiki, na magazeti mengi makubwa yakafuata mkondo huo. Miezi 2 baadae waziri wa habari wa Iraq, Sahhaf, anatangaza kwamba Wamarekani hawapo Baghdad huku vifaru vimeshaingia mjini, dunia nzima ikamcheka na wakampa jina la utani. Vita ni ile ile, wote wawili wamesema kisicho kweli, mmoja kawa kichekesho mwingine kaandikwa kwa heshima zote.

Wengi wakilalamika kuhusu upendeleo wa vyombo vya habari wanaangalia chama tu. Trump alibanwa sana 2016 kwa kudai alipinga vita ya Iraq tangu mwanzo wakati Septemba 2002 aliulizwa redioni kama anaunga mkono akajibu kwamba anadhani ndio. Biden nae 2019 akadai aliipinga vita ile ilipoanza tu, mtu aliyepiga kura ya ndio Seneti Oktoba 2002, na hakusumbuliwa kiasi kile ingawa wahakiki wa habari walimkosoa. Malalamiko hayo yana haki yake, siyapuuzi, ila kwangu sio penyewe. Hao wote, pamoja na Clinton, walipimwa kwa uongo unaowahusu wao wenyewe, walikuwa wapi na walisema nini. Uongo uliopeleka majeshi ndio uliopita kirahisi.

Wahariri wana utetezi wao na sio wa kijinga. Safari ya Tuzla unaipima kwa video, ghala la Iraq mwandishi hawezi kuingia akahesabu mapipa. Halafu kumwita mtu muongo inabidi ujue kwamba alijua, na Powell inawezekana kabisa aliamini alichopewa, mwaka 2005 mwenyewe alisema hotuba ile ni doa kwenye rekodi yake. Na sio Marekani peke yake, majasusi wa nchi zingine pia walidhani Saddam anaficha kitu.

Nakubali nusu. Kusema huyu ni muongo ilikuwa ngumu, ila kusema hili halijathibitishwa iliwezekana kabisa na kuna watu walisema. Jonathan Landay na Warren Strobel, waandishi wa kampuni ya magazeti ya Marekani ya Knight Ridder, waliwafuata maofisa wa ngazi za chini badala ya kusubiri mawaziri, wakaandika mashaka yale kabla ya vita. Tarehe 7 Machi 2003 ElBaradei wa shirika la nishati ya atomiki akaliambia Baraza la Usalama hadharani kwamba hati za Iraq kununua urani (madini ya nyuklia) Niger, moja ya hoja za vita, sio halisi, vita ikaanza tarehe 20. Zilikuwepo siku 13 za kulipigia kelele hilo, kila siku, ukurasa wa kwanza!

Na kuna mchezo mbaya zaidi. Tarehe 8 Septemba 2002 New York Times wanaandika ukurasa wa kwanza, kwa kutegemea maofisa wasiotajwa, kuhusu mabomba ya aluminiamu ya Iraq ya kutengenezea nyuklia, siku hiyo hiyo makamu wa rais Cheney anakaa kwenye televisheni anataja habari ya gazeti hilo kama ushahidi. Yaani serikali inajinukuu yenyewe kupitia gazeti. Gazeti lilikuja kukiri mapungufu yake 26 Mei 2004, ukurasa wa 10.

Uingereza ndio inaniuma zaidi. Serikali ya waziri mkuu Tony Blair ilitoa waraka Septemba 2002 kwamba silaha za Iraq zinaweza kuwa tayari ndani ya dakika 45, magazeti yakaubeba kwa herufi kubwa. Mei 2003 Andrew Gilligan wa BBC akasema serikali huenda ilijua dai lile si sahihi. Hapo alizidisha, hakuwa na uthibitisho wa kiasi hicho, ila kwamba ndani ya idara za ujasusi kulikuwa na manung'uniko kuhusu waraka ule ilikuwa kweli. Januari 2004 ripoti ya Jaji Hutton, aliyepewa kazi ya kuchunguza sakata hilo, ikaiangukia BBC, ndani ya siku 3 mwenyekiti Gavyn Davies, mkurugenzi mkuu Greg Dyke na Gilligan mwenyewe wote wakawa wameondoka. Blair akashinda uchaguzi 2005. Ripoti ya tume ya Chilcot, iliyochunguza Uingereza ilivyoingia vitani na iliyosema madai ya silaha yalitolewa kwa uhakika usiostahili ilitoka Julai 2016, wanajeshi 179 wa Uingereza na Wairaki zaidi ya laki moja wakiwa wameshazikwa.