Ua na nusu kwenye kona ya fremu

Kwa mafundi wa nakshi za mbao wa Lamu, kijana anayejifunza huambiwa mapema: mkono ukae kwanza, kazi zako mwenyewe zitakuja. Vijana nao, hasa wachoraji wanaoona kazi za dunia nzima kwenye simu, wanataka kutengeneza chao tangu mwezi wa kwanza.

Mafundi wana hoja. Mbao nzuri ni ghali, na patasi butu huchana nyuzi za mti badala ya kukata. Kina cha waridi, ua la nakshi ambalo kijana hupewa kama zoezi, hujulikana kwa kulichimba lile lile mara nyingi. Anayeruka hatua hiyo hurudia makosa yake akidhani ni mtindo.

Lakini tazama zoezi lenyewe linavyokwenda. Fundi ndiye anayechora ubaoni kwa penseli na bikari. Kijana anachimba alichochorewa. Maua mangapi yaingie kwenye mfaa wa mlango, ule ubao wa katikati, yaachane kiasi gani, mkanda ugeuke vipi pembeni, yote yamekwisha kuamuliwa kabla hajashika patasi. Anaweza kuchimba mwaka mzima, tena vizuri, bila kuamua jambo hata moja.

Sasa mpe atengeneze fremu ya kioo ya kwake. Anaanzia kona ya kushoto, maua yanakwenda sawasawa, na akikaribia kona ya pili anakuta imebaki nafasi ya ua moja na nusu. Ayabane? Aache pengo? Ile nusu, kwangu mimi, ndiyo somo lenyewe, na hakuna waridi la mazoezi ambalo lingemfikisha pale. Kesho yake akirudi kwa fundi, haangalii ua tena. Anaangalia fundi anavyopima, anaanzia kona zipi, kilichobaki anakigawaje. Zoezi ni lile la jana, ila sasa analiendea na swali. Ndivyo ilivyo kwa mchoraji pia: amenakili mikono mia, lakini siku anapotaka kumchora bibi yake amekaa barazani, hajui amweke wapi kwenye karatasi.

Muhamadi Kijumwa wa hapa hapa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tenzi za wengine kwa hati ya Kiarabu, akachonga mbao, na akatunga tenzi zake. Kunakili hakukumzuia kutunga.

Kwa hiyo siungi mkono kugawa muda nusu kwa nusu kati ya mazoezi ya fundi na kazi za kijana mwenyewe. Siku nyingi za wiki ziwe za fundi, kwa sababu mkono kweli hauna njia ya mkato. Ila alasiri moja iwe ya kijana, kwenye kipande cha mabaki ili gharama isiwe kisingizio, na fundi asimchoree. Akikwama konani, aachwe akae nayo hadi wiki ijayo ndipo aulizwe amefikiria nini.