Frodo hakupanda bodaboda
Jamani, hii safari ya Frodo, yule wa kitabu cha The Lord of the Rings, itanitoa roho. Tunatembea huku huku kwetu, simu inahesabu hatua, nasi tunaandika umbali daftarini kana kwamba tunaifuata njia yake ya kitabuni. Kutoka Hobbiton hadi Rivendell tunahesabu maili 458, na simu yangu inajua kilomita tu, kwa hiyo kila usiku nagawanya kwa 1.609 huku nasinzia. Hilo nimeshalizoea. Kinachonikera ni simu yenyewe. Jana nimepanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo, ikanipa hatua elfu mbili za bure! Leo nimezunguka sokoni saa nzima, simu imo kwenye kikapu nilichojitwika kichwani, imetulia juu ya vitunguu. Haikuhesabu kitu. Sasa kwenye daftari niandike nini? Mwenzangu anadai ameshafika Bree, kijiji kilicho njiani kabla ya Rivendell. Naye kazi yake, mjue, ni bodaboda.