Acheni kuwarusha ndege wa Mida

Kila Januari na Februari, Ulaya na Siberia zikiwa zimeganda, picha zile zile za Mida Creek, hori lenye mikoko karibu na Watamu, pwani ya Kenya, huanza kusambaa: kundi zima la ndege wa ufukweni liko angani, mikoko nyuma yake. Watu wanazisifu. Mimi zinanipandisha hasira, kwa sababu nyingi hupatikana kwa kupiga makofi au kulikimbilia kundi wakati maji yamejaa.

Maji yakijaa, tope lenye chakula chao limefunikwa. Wamesongamana kwenye kipande kilichobaki kikavu, wanapumzika. Ukiwarusha wanachoma mafuta ya mwili wasiyoweza kuyarudisha mpaka maji yapwe. Kitwitwi yule mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, ana kama gramu 60, na ifikapo Aprili au Mei anatakiwa awe amenenepa vya kutosha kurudi kaskazini mwa Siberia kutaga. Sawa, kurushwa mara moja hakumuui ndege. Lakini nyuma yako kuna mtumbwi, kuna mbwa, kuna mpiga picha mwingine.

Isitoshe, hakuna haja. Maji yenyewe yatakuletea ndege. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Kwa hiyo fika saa nane mchana, kaa chini kabisa, jua likiwa mgongoni, lenzi juu ya mfuko wa mchanga, kisha usisogee. Tope linavyofunikwa, ndege wanarudi nyuma hatua kwa hatua kuja upande wako. Ukipenda mwanga wa asubuhi, ngoja siku nne hivi baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yajae kati ya saa moja na saa mbili. Angalia kwanza jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa. Ndege wakiinua vichwa wote pamoja au wakianza kutembea kukuacha, umeshakaribia mno: rudi nyuma.

Wataruka wenyewe, ama maji yakiwafikia miguuni, ama mwewe akipita. Weka kasi ya shata 1/2000 au zaidi, tundu la lenzi f/8, na uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipande. Wakisimama, 1/800 inatosha. Mla kaa yule mweupe na mweusi, Dromas ardeola, huwasumbua wengi: mbele ya tope jeusi kamera huongeza mwanga na manyoya meupe yanaungua, yaani yanabaki doa jeupe tupu. Punguza mwanga kwenye kamera kwa theluthi mbili ya hatua (stop) mpaka hatua nzima.

Picha zikitoka na ukungu baada ya saa nne asubuhi, msilaumu lenzi. Tope limepata joto na hewa juu yake inacheza. Hakuna mpangilio wa kamera unaotibu hilo, isipokuwa kupiga ndege aliye karibu au kungoja jua lishuke. Na mkitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acheni begi limefungwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa mvuke.

Lenzi ndefu ni ghali, najua. Simu iliyoshikizwa kwenye darubini ya miguu mitatu inafanya kazi nzuri kwa ndege waliotulia.

Waongoza watalii, mgeni akiwaomba mrushe kundi, kataeni. Mwelekezeni kwenye miguu ya ndege. Baadhi wana pete au vibendera vya rangi. Pigeni miguu yote miwili, herufi zisomeke, muandike tarehe na mahali, mtume kwa watafiti wanaowafuatilia. Kundi likiwa angani, pete hazisomeki.