Serikali Ikifungwa, Tovuti Nazo Zifungwe?

Oktoba 1, 2013, baada ya Bunge la Marekani kushindwa kupitisha bajeti, aliyefungua tovuti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alikuta tangazo tu kwamba haipatikani kwa kuwa fedha za serikali zimekatika. Tovuti za idara ya sensa na wizara ya kilimo zilikuwa vivyo hivyo. Kurasa zilizosomeka jana yake ziliondolewa makusudi, na serikali ilikaa imefungwa siku 16.

Waliokasirika walikuwa na haki. Takwimu zile zilikwisha kukusanywa kwa kodi ya wananchi, na seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa, huzitoa bila mtu kuketi mbele yake. Tena Ofisi ya bajeti ya Ikulu ilikuwa imeziagiza idara zisijali hata kama kuzima tovuti ni ghali kuliko kuiacha! Swali lilikuwa moja: je, kazi inayoruhusiwa kisheria kuendelea inaihitaji tovuti hiyo?

Ukali huo una chanzo. Sheria iitwayo Antideficiency Act inakataza idara kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, na hata kupokea kazi ya kujitolea, isipokuwa kwa dharura ya kuokoa maisha au kulinda mali. Fundi aliyerudishwa nyumbani haruhusiwi kuingia usiku, bila malipo, kurekebisha kilichoharibika.

Hasara yake ilionekana katika mkwamo wa bajeti wa siku 35, kuanzia Desemba 2018. Safari hiyo tovuti nyingi ziliachwa wazi, lakini vyeti vya usalama vya makumi ya tovuti, vinavyothibitisha kuwa tovuti ni halisi na muunganisho wake ni salama, vikaisha muda bila wa kuvihuisha. Baadhi hazikufunguka kabisa, kwa sababu zenyewe zilikuwa zimeviagiza vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, visikubali kamwe muunganisho usio salama. Nyingine zilifunguka kwa anayepuuza onyo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi: mwananchi anazoeshwa kupuuza onyo kwenye ukurasa wa serikali yake.

Hata hivyo naona tovuti ziachwe wazi. Vyeti vihuishwe kabla bajeti haijaisha, fomu zinazopokea taarifa za watu zifungwe, na kila ukurasa uonyeshe tarehe ulipohaririwa mara ya mwisho.

Wapo wanaotaka tovuti zijitegemee kwa ada. Ni kweli, Oktoba ile ile ya 2013 bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani iliendelea kupokea maombi, hata ya vijana wa Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa huduma za kibalozi huendeshwa zaidi kwa ada. Lakini mwanafunzi anayetafuta takwimu za sensa atozwe nini, ilhali wazazi wake walikwisha kuzilipia?